Sewa Haji wa Bagamoyo: Mali Ilikotoka na Ilikokwenda



Mara nyingi katika kurasa kama hizi msomaji hupelekwa mbali. Hupelekwa Makka na Madina, Baghdad na Damascus, Cordoba na Granada, akaonyeshwa misikiti na madrasa na hospitali walizozijenga Waislamu wa zamani kwa mali zao. Hustaajabu, kisha akafunga kitabu akidhani kuwa mambo hayo ni ya watu wengine na nchi nyingine. Leo twapenda kumpeleka karibu. Twapenda kumpeleka Bagamoyo, mji wa pwani yetu wenyewe, ambako alifanya kazi mfanya biashara mmoja ambaye jina lake lilijulikana tangu Unguja hata bara, na ambaye skuli na hospitali alizozitolea mali ziliwafaa watu wengi wasiomjua. Huyo ni Sewa Haji Paroo.

Hatumtaji ili kumsifu bure, wala hatumtaji ili kumlaumu aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Twamtaja kwa sababu Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa siku ya hesabu mja ataulizwa juu ya mali yake mambo mawili: aliipata wapi, na aliitumia katika nini. Wengi wetu tumezoea kuuliza nusu tu ya swali hili. Tumwonapo tajiri akitoa, twasema huyu ni mtu mwema, wala hatuulizi alichuma vipi. Na tumwonapo tajiri akichuma, twamhusudu au twamsengenya, wala hatungoji tuone atatoa nini. Katika maisha ya Sewa Haji maswali yote mawili yamekaa wazi, na yeyote mwenye akili aweza kuyasoma.

MJI WENYEWE

Atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hushika njia ya kaskazini, mwendo wa kilomita 70 hivi. Mji umekaa ukingoni mwa bahari ukielekeana na kisiwa cha Unguja. Maji yake si ya kina, na merikebu kubwa haziwezi kukaribia. Lakini majahazi na mashua huja hata mchangani, mizigo ikashushwa kwa mabega ya watu. Jambo hilo leo laonekana kuwa upungufu, bali zamani ndilo lililoufaa mji, kwani biashara yote ya pwani na Unguja ilichukuliwa na majahazi.

Kusini ya mji, kiasi cha kilomita 5, yako magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili ya mawe na makaburi ya kale yenye nguzo. Msikiti mkongwe zaidi wahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Basi Uislamu katika sehemu hii si mgeni wa jana; umeswaliwa hapa tangu kabla ya Mreno kuijua njia ya bahari hii.

Tulipotembea katika mitaa ya mji mkongwe tuliona nyumba za mawe zilizosimama bega kwa bega, na milango ya kuchongwa ambayo mingine bado yafunguliwa na mingine imekwisha kuoza. Tuliona Ngome Kongwe, na forodha, na Boma la Wajarumani. Ziko nyumba zilizobaki kuta tupu, mti umeota ndani na mizizi yake imeyakumbatia mawe. Huko pwani wavuvi wangali wakinadi samaki kama babu zao. Mtu asiyejua tarehe ya mahali hapa hataamini kuwa mji huu uliokaa kimya ndio uliokuwa mlango wa nchi yote, tangu bahari hii hata ziwa Tanganyika na ng'ambo yake, na kwamba Wajarumani walipoishika nchi waliufanya kuwa makao makuu yao hata mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam.

Watu husema jina la mji latokana na neno "bwaga moyo", lakini maana yake huelezwa kwa njia mbili. Wengine husema ni neno la mpagazi aliyetoka bara na mzigo kichwani kwa muda wa miezi. Alipoiona bahari alitua mzigo na moyo wake ukatulia. Wengine husema ni neno la mtumwa aliyefika pwani akajua kuwa baada ya hapo ni bahari, hatarudi kwao tena, basi moyo wake auache hapa. Sisi hatuoni haja ya kuchagua moja tukaitupa nyingine. Njia ilikuwa moja, na wote wawili waliipita.

NJIA YA MISAFARA

Yafaa tueleze biashara ilivyokuwa, kwani kijana wa leo aliyezoea gari na simu hawezi kuijua kazi ya zama zile ila kwa kuelezwa.

Kutoka Bagamoyo hata Tabora ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800, na kutoka Tabora hata Ujiji ni safari nyingine juu ya hiyo. Farasi na punda walikufa kwa maradhi ya mbung'o, magari hayakuwapo. Kila kitu kilikwenda kwa kichwa na bega la mwanadamu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila 2, nao ni kilo 32 hivi, zaidi ya chombo chake, mkeka wake na silaha yake. Kwenda zilichukuliwa nguo za merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali, na masango ya shaba. Kurudi zilikuja pembe za ndovu. Safari ya kufika Tabora ilikula miezi miwili au mitatu, na pengine zaidi, kwa kadiri ya mvua, njaa, vita, na hongo waliyoidai watemi wa njiani, hasa katika nchi ya Ugogo.

Wapagazi mashuhuri walikuwa Wanyamwezi. Kwao upagazi ulikuwa kazi ya heshima, na kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado hajawa mwanamume. Walitangulizwa na kirangozi mwenye bendera na ngoma, wakaimba njiani, wakapiga kambi jioni, wakagawiwa posho. Wakati wa kiangazi maelfu yao walijaa Bagamoyo wakingoja kurudi kwao na mizigo mipya.

Basi fikiri, ewe msomaji: mtu atakaye kupeleka msafara bara alihitaji nguo za aina zinazopendwa katika kila nchi ya njiani, kwani shanga ipendwayo Ugogo haikutakiwa Ujiji, alihitaji mamia ya watu wenye nguvu na wenye kuaminika, alihitaji posho, kamba, hema na askari, na fedha yake angeiona baada ya mwaka mmoja au miwili, ikiwa pembe zitafika. Aliyeweza kuyakusanya mambo hayo yote mahali pamoja ndiye aliyeshika ufunguo wa mlango. Mtu huyo katika Bagamoyo alikuwa Sewa Haji.

WALIOKUJA NA WALICHOKUJA NACHO

Baba yake, Haji Kanji, alitoka Bhuj katika nchi ya Kachi, Bara Hindi, akaja Unguja katikati ya karne ya 19. Walikuwa Waislamu wa jamaa ya Khoja Ismailia. Wakachi wengi wa zama zile walikuja kwa jahazi na pepo za kaskazi, bila ya mali kubwa, ila na ukoo wa kutegemeana, hesabu ya daftari, na subira ya kukaa dukani tangu alfajiri hata usiku. Haji Kanji alifungua duka Unguja, na baadaye nyumba yake ya biashara ikavuka hata Bagamoyo.

Tusikiapo habari ya mgeni kama huyu twamkumbuka Sahaba Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alipohamia Madina hakuwa na kitu. Saad bin Rabii (R.A.), aliyefanywa ndugu yake, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Alianza kwa kuuza jibini na samli, na Mwenyezi Mungu akamfungulia hata akawa katika matajiri wakubwa wa Madina na watoaji wakubwa wao. Mgeni katika mji huwa mmoja wa wawili: ama hungoja apewe, ama huuliza soko.

Sewa Haji alizaliwa Unguja mwaka 1851. Mwaka 1869, alipokuwa na miaka 18, aliingia katika biashara ya baba yake. Nguvu zake alizielekeza Bagamoyo, katika kazi ya kutayarisha misafara: kuuza bidhaa, kuandika wapagazi, na kupokea pembe zilizotoka bara.

Kijana huyo amo katika kitabu mashuhuri, naye hakutajwa kwa wema. Mwaka 1871 Mwandishi Henry Stanley alifika Bagamoyo akitaka wapagazi wa kwenda kumtafuta Livingstone. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1872 alimlalamikia sana kijana Mhindi wa miaka 20 hivi, ambaye wanatarehe humtambua kuwa ndiye Sewa Haji, kuwa alimcheleweshea wapagazi na kumghilibu katika hesabu. Stanley mwenyewe alikuwa mtu mwepesi wa hasira na mkali wa ulimi na mkono, na maneno yake hayachukuliwi yote bila ya kupimwa. Lakini hatupendi kuyaficha kwa sababu anayesemwa ni Mwislamu. Mfanya biashara kijana, mwenye ufunguo wa mlango peke yake, na mteja mwenye haraka na fedha nyingi: kila aliyekaa sokoni ajua jinsi shetani apendavyo kukaa mahali hapo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutimiza vipimo na mizani, wala hakusema kuwa amri hiyo ni kwa mteja Mwislamu tu.

Miaka ikapita, na nyumba ya Sewa Haji ikakua. Wamisionari, wasafiri na wafanya biashara waliotaka kwenda bara walipita kwake. Hata vita vya Abushiri bin Salim na Wajarumani vilipoingia pwani mwaka 1888, watu wa Bagamoyo wakakimbia na mji ukaharibika, biashara haikufa. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889; Wajarumani wakaishika nchi, nao pia wakahitaji wapagazi, na ufunguo ulikuwa pale pale.

SWALI LA KWANZA: ILIKOTOKA

Sasa na tulitazame swali la kwanza bila ya hofu. Mali ya Bagamoyo ilitoka wapi?

Ilitoka katika akili na juhudi, hapana shaka. Kutoa bidhaa leo na kungoja malipo ya mwaka kesho ni kazi ya moyo mkubwa, na mara nyingi msafara ulipotea na mali yote pamoja nao. Faida ya mtu mwenye kuhatarisha mali yake katika biashara ya halali si dhambi; Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa mfanya biashara kabla ya kupewa utume.

Lakini mali hiyo ilitoka pia katika mabega ya watu ambao majina yao hayakuandikwa. Kila pembe iliyopimwa forodhani ilikuwa na mpagazi aliyeichukua, na nyuma ya kila kundi la wapagazi waliofika walikuwapo waliobaki njiani kwa ndui, kwa kuhara, kwa njaa au kwa mkuki. Ndovu waliuawa kwa wingi hata wakatoweka katika nchi zilizo karibu na pwani, na misafara ikalazimika kwenda mbali zaidi na zaidi. Katika mizigo ya zama zile zilikuwamo pia bunduki na baruti, na bunduki ikiingia katika nchi haiulizi itamwua nani. Na njia ile ile waliipita watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sewa Haji alipokuwa na miaka 22. Lakini hata baada ya hapo mateso ya watu hao hayakwisha mara moja.

Ikiwa mtu ataka kujua wapagazi walikuwa watu wa namna gani, na akumbuke mwaka 1874. Mwezi wa Februari mwaka huo kundi la Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, liliingia Bagamoyo likiwa limeichukua maiti ya Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, safari ya miezi mingi, ili irudishwe kwao. Hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha. Walikuwa waaminifu kwa maiti kama walivyokuwa kwa aliye hai. Watu wa namna hiyo ndio waliozichukua na pembe za matajiri wa Bagamoyo.

Twayasema haya kwa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hakuwaambia matajiri wa Bagamoyo peke yao. Amewaambia wenye duka na wenye shamba, na amemwambia pia baba na mama aliyemweka msichana wa kazi nyumbani na mshahara wake ukapita mwezi bila kulipwa. Sadaka haiwezi kusafisha ujira uliozuiliwa. Kwanza haki ya mtu irudi kwa mwenyewe, kisha sadaka ifuate.

SWALI LA PILI: ILIKOKWENDA

Basi mali hiyo ilikwenda wapi?

Matajiri wengi wa zama zile waliitia mali katika majumba, mashamba ya karafuu, na harusi za siku saba. Leo ukiuliza mali zao ziko wapi huonyeshwa kuta zilizoota mti. Sewa Haji naye alikuwa na majumba na ardhi. Lakini katika miaka ya mwisho ya uhai wake, alipokuwa bado mtu wa miaka arobaini na kitu, alianza kuzitoa.

Bagamoyo alijenga nyumba kubwa ya ghorofa kwa ajili ya skuli, akaitoa kwa serikali ya Wajarumani. Alitoa kwa sharti: isomwe na watoto wa watu wote, wala asizuiliwe mtoto kwa rangi yake. Hiyo ilikuwa mwaka 1896. Sharti hili lataka kutazamwa vizuri. Zama zile Mzungu, Mhindi, Mwarabu na Mwafrika kila mmoja aliwekwa mahali pake, na hata Waislamu wenyewe kwa wenyewe walitengana kwa ukoo na kabila. Mtu huyu aliyekuwa na haki ya kujenga skuli ya jamaa zake peke yao, na hapana ambaye angemlaumu, akasema waingie wote. Mjukuu wa mpagazi na mjukuu wa mwenye duka wakae juu ya benchi moja. Jengo hilo ndilo lililokuja kuwa skuli ya Mwambao.

Dar es Salaam alitoa fedha na mali kwa ajili ya hospitali. Katika miaka hiyo hiyo Wajarumani walijenga hospitali yao nzuri ufukoni, Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Hospitali iliyoitwa kwa jina la Sewa Haji ikawa ya Waafrika na Wahindi, wale ambao hawakuwa na mlango mwingine. Kwa miaka mingi sana, tangu zama za Wajarumani hata za Waingereza, mgonjwa maskini wa Dar es Salaam aliposema "napelekwa Sewa Haji", kila mtu alijua maana yake. Mwaka 1956 ilipofunguliwa hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, kazi ya ile ya zamani ilihamia huko. Na baada ya uhuru hospitali hiyo ikaitwa Muhimbili, ambayo leo ndiyo hospitali ya taifa. Jengo moja la Muhimbili lilipewa jina la Sewa Haji, na wangapi wamelazwa humo, wakapona, wakatoka, bila ya kuuliza Sewa Haji alikuwa nani!

Aliacha pia wosia juu ya majumba na ardhi zake, kwamba mapato yake yawafae wagonjwa na maskini, na hasa wenye ukoma. Mwenye ukoma zama zile alikuwa mtu wa kukimbiwa. Hata jamaa zake walimtenga. Tajiri mwenye kutafuta sifa huchagua mahali penye watu wa kumsifu, na kwa wenye ukoma hapana wa kusifu.

Tarehe 10 Februari 1897 Sewa Haji alifariki Unguja. Umri wake haukufika miaka 50. Hakuishi kuona vizazi vya watoto wakitoka katika skuli yake, wala wagonjwa waliojaa vitandani. Alipanda mnazi, wakala wengine.

Je, matoleo hayo yaliyafuta yale ya kwanza? Hilo si letu. Hesabu ya mja iko kwa Mola wake, naye ndiye ajuaye nia na ajuaye haki za watu. Letu sisi ni kuona kuwa fedha iliyochumwa katika njia ya wapagazi iligeuka ikarudi njia ile ile: ikawa dawa kwa mgonjwa asiye na kitu na kitabu kwa mtoto asiye na kitu. Mali iliyopanda kwa mabega yao ikawashukia wana wao.

BAADA YAKE

Katika waliofanya kazi chini ya mkono wa Sewa Haji alikuwapo Allidina Visram, naye Mkachi, aliyefika Unguja mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka 12 hivi. Bwana wake alipofariki, sehemu kubwa ya biashara ya misafara ilikwenda kwake. Lakini yeye aliona kuwa dunia yageuka. Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwa Victoria mwaka 1901, naye akaifuata reli, akafungua maduka Kenya na Uganda, kisha akafariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul akajenga kwa jina la baba yake skuli kubwa Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1923, nayo yasomesha hata leo. Twaona basi kuwa mwanafunzi alijifunza kwa mwalimu wake kuchuma, na nyumba yake haikusahau kutoa.

Bagamoyo yenyewe haikupata reli. Wajarumani walianza reli ya kati mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam. Ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Siku gari moshi lilipoanza kuchukua katika safari moja mizigo ya mamia ya wapagazi, ngoma ya kirangozi ilinyamaza, na maduka ya Bagamoyo yakafungwa moja baada ya jingine. Ufunguo uliofungua nchi yote ukawa chuma kisicho na kufuli.

Hata hivyo mji haukufa, na uliobakisha uhai wake si biashara. Katika mji huo huo alikaa Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya. Yeye alitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, akaletwa pwani angali mtoto kwa njia ile ile ya misafara, naye hakuja kama mpagazi wala mfanya biashara. Alikuja kama mtumwa. Alianza kwa biashara ndogo, akajipatia mashamba ya minazi, na pamoja na hayo akatafuta elimu hata akawa mwalimu mkubwa na kiongozi wa tarika ya Kadiriya. Alifariki mwaka 1931, na watu wangali wakija Bagamoyo kutoka nchi mbalimbali kwa ziara yake. Aliyefika na moyo uliobwagwa aliuokota, akawafunza wengine. Huyu aliacha elimu, na yule wa kwanza aliacha mali iliyotolewa; na yote mawili yamo katika mambo matatu ambayo Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa thawabu zake hazikatiki baada ya mauti, la tatu likiwa mtoto mwema mwenye kumwombea mzazi wake.

MANENO YETU KWA NYUMBA ZETU

Enyi vijana, msione haya kuanza na jambo dogo. Haji Kanji alianza na duka, Sheikh Ramiya alianza na biashara ya kubeba mkononi, na Abdurrahman bin Auf alianza na samli na jibini. Aibu iko katika kukaa barazani kutwa ukingoja kazi iliyo sawa na cheo ulichojipa mwenyewe. Lakini mkichuma, wekeni daftari mbili: moja ya fedha, na moja ya haki za watu. Ile ya pili ndiyo itakayosomwa kwanza.

Na enyi wazazi, msidhani kuwa habari ya sadaka ya kudumu ni ya matajiri wa pembe. Sayyidna Uthman (R.A.) alinunua kisima cha Ruma, Madina, akakitoa kwa Waislamu wote, basi jamaa wa mtaa mmoja wakichanga wanaweza kuchimba kisima katika skuli au zahanati yao. Nyumba isiyoweza kisima inaweza bati moja la paa la chuo, au msahafu mmoja, au karo ya yatima mmoja kwa mwaka mmoja. Fedha ipoteayo katika usiku mmoja wa harusi zetu ingeweza kusomesha mtoto hata akajua kusoma. Wala msiweke sharti kuwa anufaike wa ukoo wenu tu. Mlango ulio wazi kwa wote ndio wenye kupokea dua za wote.

Na atakayepata nafasi ya kwenda Bagamoyo na awachukue watoto wake. Awaonyeshe Kaole, wajue Uislamu wao una mizizi. Awaonyeshe pwani, awaambie hapa ndipo mpagazi na mtumwa walipobwaga mioyo yao. Kisha awaonyeshe majumba yaliyobaki kuta, na skuli yenye watoto. Hapana haja ya kuongeza neno. Mtoto mwenyewe ataona ni mali ipi iliyobaki.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, waliotajwa na wasiotajwa, na hasa wale waliokufa njiani na mizigo ya wengine vichwani mwao. Atupe riziki ya halali, atupe mkono wa kutoa kabla ya siku ya kutolewa, na atufanyie wepesi jibu la maswali yote mawili. Amin.

Wabillahi tawfiq.